Nani Atamlipa Babu Mlinzi?

Januari 2016 mwanangu wa pili alianza darasa la kwanza, na wiki mbili baadaye nikachaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Sikugombea. Ilibaki nafasi moja, mzazi mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mama Neema ana duka, hesabu anazijua," wazazi wakapiga makofi na katibu akaandika jina langu. Nilirudi nyumbani na daftari kubwa kwapani, kazi yenyewe siijui.

Shule iko pembezoni mwa mji wa Morogoro, upande unaotazama milima ya Uluguru. Mvua ikinyesha kule juu, mfereji wa uwanjani hujaa maji mekundu hata kabla tone halijatuangukia sisi. Jina la shule silitaji, kwa sababu ninayoyasimulia yalitokea shule nyingi mwaka ule, na walimu wa pale walijitahidi kuliko uwezo wao.

Mkutano wangu wa kwanza kama mjumbe ulifanyika chini ya mwembe. Wazazi walifurika hadi kwenye ngazi za ofisi. Mwalimu mkuu alisimama na karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, akatusomea Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Alisoma taratibu, kila aya, jasho likimtoka. Alipomaliza, mzee mmoja wa mtaa wetu akasimama, akavua kofia.

"Mwalimu, shikamoo ya watoto nimeipokea, sasa nijibu mimi neno moja tu. Ni bure au siyo bure?"

Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo. "Mzee wangu, waraka umesema bila malipo."

"Ndiyo bure hiyo."

"Umesema bila ada na bila michango, mzee. Sare, madaftari, chakula cha mchana na matibabu bado ni ya mzazi."

Wazazi wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba redioni hawakusema hivyo. Alikuwa sahihi. Redioni hawakusema hivyo.

Miaka imepita na bado narudi kwenye mazungumzo yale, kwa kuwa pale chini ya mwembe ndipo nilipoanza kuelewa serikali inavyofanya kazi. Kabla ya hapo nilidhani sera ni kitu kinachoamuliwa na wakubwa, kinatangazwa, halafu kinatokea. Sikujua kwamba uamuzi mmoja hupita mikononi mwa watu wengi, na kwamba kila mkono huubadilisha kidogo, hata mkono wenye nia njema.

Fuateni neno lile moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa na Rais Kikwete Februari 2015, ilisema elimumsingi itolewe bila ada katika shule za umma. Ada. Mwaka huohuo ukawa wa uchaguzi, na kwenye majukwaa neno likawa "elimu bure", maana ndilo linaloimbika, na mwananchi hulishika mara moja. Rais Magufuli aliapishwa Novemba 5, na alipolihutubia Bunge mwezi huohuo akaahidi kwamba kuanzia Januari 2016 mtoto atasoma bila kulipa, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Wizara ikatoa waraka kabla ya Desemba, nao ukasema "bila malipo". Ada, bure, bila malipo. Maneno matatu ndani ya mwaka mmoja, na mwalimu mkuu wetu ndiye aliyesimama chini ya mwembe kuyapatanisha.

Kwa shule za msingi mambo yalikuwa magumu zaidi. Ada ya shule ya msingi ilishafutwa zamani, ulipoanza MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa 2002. Kwa sekondari, ada ilikuwepo, shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, na mzazi aliona wazi kilichoondolewa. Kwetu sisi hapakuwa na ada ya kufuta. Kilichofutwa ni michango, na michango ndiyo iliyokuwa inaiendesha shule.

Nilikuja kulijua hilo kwenye kikao cha kamati. Mwalimu mkuu alichukua chaki, akaandika ubaoni vitu ambavyo wazazi walikuwa wakivilipia mwaka 2015: mlinzi 500 kwa mwezi, mitihani ya kila mwezi 500, ukarabati 5,000 kwa mwaka, dawati 15,000 kwa anayeanza. Pembeni akaandika kinachotoka serikalini, zile fedha ambazo walimu wanaziita kapitesheni. Kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizofika shuleni.

Shule ilikuwa na watoto 640 kwenye takwimu za mwaka uliopita. Nikapiga hesabu kwenye daftari langu: 3,840,000 kwa mwaka, yaani 320,000 kwa mwezi. Lakini Januari ile watoto walikuja kama maji ya mfereji wetu. Wazazi waliokuwa wamewaficha watoto nyumbani kwa kukosa mchango wa dawati waliwaleta. Wengine walikuwa na miaka kumi, wamekaa darasa la kwanza pamoja na wa miaka sita. Kufikia Machi tulikuwa na watoto 910, na fedha bado zinakuja kwa hesabu ya 640. Nikagawa tena. Shilingi 350 na ushee kwa kila mtoto kwa mwezi. Kwa fedha hiyo inunuliwe chaki, ilipwe bili ya maji, itengenezwe karatasi ya mtihani, izibwe bati inayovuja.

Lazima niseme jambo moja kwa haki. Fedha zilikuja. Tangu Desemba 2015 Hazina ilianza kutoa shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwa nchi nzima, na zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kupitia halmashauri. Walimu wa zamani kwenye kamati walishangaa. Walikuwa wamezoea kapitesheni inayokuja nusu, au inayochelewa mpaka mwaka unaisha. Sasa kila mwezi ujumbe ulikuja, na mwalimu mkuu alibandika kiasi kwenye ubao wa matangazo, mzazi yeyote akasome. Mtu aliyebuni njia hiyo ya kuruka ngazi alifanya kazi kubwa, ingawa jina lake hatulijui. Katika sera yote ile, bomba hilo la fedha ndilo lililofanya kazi kama lilivyoandikwa.

Sasa nimzungumzie babu.

Mlinzi wetu watoto walimwita Babu, nasi wazazi tukafuata. Alikuwa na koti la jeshi la mvua lililochakaa, tochi, na kiti cha mbao alichokifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Mshahara wake ulikuwa 120,000, na wote ulitoka kwenye zile 500 za wazazi. Serikali haikuwa imemwajiri. Kwenye orodha yoyote ya serikali hakuwemo. Waraka ulipofuta michango, haukumtaja, na sidhani aliyeuandika alimkusudia ubaya. Hakumwona tu. Kwa aliyekaa wizarani, "michango" ilikuwa kero ya wazazi, na kweli ilikuwa kero. Mimi mwenyewe nilishuhudia mtoto wa jirani akirudishwa nyumbani mara tatu kwa mwezi mmoja kwa sababu ya shilingi 500. Kwetu sisi, ndani ya neno hilohilo kulikuwa na mtu mwenye koti la mvua.

Tulilijadili suala lake vikao vitatu. Kwenye kapitesheni haikuwezekana. Tukimlipa 120,000 kati ya 320,000, mitihani hakuna. Mjumbe mmoja alisema tuwaombe wazazi kwa hiari. Mwalimu mkuu akakataa kabisa, na nilimwelewa, maana kulikuwa na habari za walimu wakuu waliosimamishwa kwa kukusanya michango. Nani angemtetea siku mkuu wa wilaya akija kuuliza? Waraka unasema bila malipo, na yeye amekutwa na daftari la majina ya waliochanga mkononi.

Babu alilinda mwezi wa pili bila mshahara. Mwezi wa tatu pia. Katikati ya Aprili alikuja dukani kwangu, akanunua sabuni ya kipande na kiberiti, akaniambia anarudi Matombo kulima. Hakulalamika. Aliniomba nimwambie mwalimu mkuu kwamba ufunguo wa stoo ameuacha kwa mpishi. Wiki tatu baadaye walikuja usiku, wakang'oa milango miwili na bati saba za darasa la nne.

Katika miezi ileile jambo jingine lilikuwa linaendelea, na lilikwenda kwa kasi iliyotushangaza. Rais aliagiza upungufu wa madawati uishe nchini kabla ya Juni 30, 2016. Wakuu wa mikoa na wilaya walikimbia mchakamchaka. Aprili, Bunge lilikabidhi shilingi bilioni 6 lilizobana kwenye matumizi yake, na fedha hizo zikapelekwa kwenye madawati. Karakana za magereza, wenye viwanda, mabenki, kila mtu alitoa. Juni, lori lilishusha madawati 110 uwanjani kwetu, yananuka vanishi mbichi, na mwanangu, aliyekuwa akikaa sakafuni tangu Januari, alirudi nyumbani kunionyesha sketi yake isiyo na vumbi. Aligeuka nyuma na mbele ili nione vizuri.

Kwa nini dawati lilifanikiwa na mlinzi akashindikana? Nimelifikiria sana swali hili. Dawati linahesabika. Lina bei moja, lina tarehe, na mkuu wa wilaya anaweza kusema "nilikuwa na upungufu wa elfu nne, sasa nina sifuri" na namba ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Ikulu bila kubadilika maana. Mlinzi hahesabiki namna hiyo. Hakuna safu yake kwenye fomu. Anahitaji kulipwa mwezi huu, na ujao, na ule mwingine, bila sherehe ya kumkabidhi. Niliona jambo lilelile mwaka 2021, yalipojengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19. Yalijengwa, yamesimama, nimeingia ndani ya mawili. Serikali yetu, ikipewa kitu cha kuhesabu na siku ya mwisho, inaweza. Shughuli ndogo za kila siku zisizoisha ndizo zinazodondoka mezani.

Mei 2016 ulitoka waraka mwingine, Na. 3, uliofafanua nani anawajibika kwa nini: serikali hivi, mzazi hivi, kamati hivi, jamii hivi. Ulikuwa waraka mzuri, ulioandikwa na watu waliosikia kelele za miezi mitano. Laiti ungetoka kabla ya Januari! Nilimuuliza afisa elimu wa kata kwa nini ufafanuzi umefuata utekelezaji badala ya kuutangulia. Akaniambia kwa upole, "Mama, ahadi ilikuwa na tarehe."

Kuna mpangilio mmoja ambao wazazi wengi hawaujui, nami nisingeujua bila kamati. Shule ya msingi ya serikali ina wenyewe watatu. Wizara ya Elimu ndiyo inayotunga sera na kutoa waraka. Walimu na shule zenyewe ziko TAMISEMI, ile ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, chini ya halmashauri. Fedha ziko Hazina. Sera inapotungwa nyumba ya kwanza, lazima ikubaliane na ratiba ya nyumba ya pili na mfuko wa nyumba ya tatu. Kwa hiyo ukimuuliza mwalimu mkuu kwa nini bati halijarudi, jibu lake la kweli linaweza kuwa katika majengo matatu tofauti, na yeye hana nauli ya kufika hata moja.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wale wanaokumbuka wanajua maana yake. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto awe shuleni. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa kazi hukohuko vijijini, kwa vipindi vya redio na masomo ya posta, asubuhi wanafundisha na mchana wanafundishwa. Baba alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipomweleza habari za watoto 910 na fedha za 640, alitikisa kichwa, akasema, "Sisi pia walitupa watoto kwanza, chaki ikafuata." Kisha akanikanya nisiilaumu Musoma, kwa sababu bila Musoma mama yangu asingejua kusoma. Nayabeba yote mawili.

Baba ndiye pia aliyenifungua macho kuhusu ile 10,000. Aliniuliza imetoka wapi. Nikatafuta. Ilitoka MMEM, mwaka 2002, ilipokadiriwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mtoto. Wakati ule dola ilikuwa karibu shilingi elfu moja, hivyo 10,000 ilikaribiana na dola 10 kweli. Mwaka 2016 dola ilikuwa imepita shilingi 2,100. Namba ilikuwa imebaki vilevile kwenye karatasi, mfuko wa saruji umepanda, rimu ya karatasi imepanda, chaki imepanda. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuipunguza kapitesheni kwa nusu. Ilipungua yenyewe kwa kuachwa. Hili linaniumiza kuliko wizi wa bati, maana bati tuliliona likiwa halipo asubuhi yake.

Januari 2018 Rais Magufuli aliwaita mawaziri wa Elimu na TAMISEMI, akaagiza mbele ya kamera kwamba michango yote ikome shuleni, mwalimu asishike fedha ya mzazi, na anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Alikuwa na sababu. Zipo shule zilizokuwa zimerudisha michango kwa majina mapya, na watoto walikuwa wakifukuzwa tena. Kwetu, agizo lile lilikuta sufuria jikoni. Tulikuwa na uji wa saa nne, wazazi wenyewe wamekubaliana kwenye mkutano, debe la mahindi na kilo mbili za sukari. Jioni ile taarifa ya habari ilitoka, asubuhi mpishi akaambiwa asiwashe moto. Hakuna mkono mmoja ulioandika kwamba uji umekatazwa. Kila mtu aliogopa kwa nafasi yake, kuanzia halmashauri hadi mwalimu wa zamu, na hofu zote zikijumlishwa watoto 1,000 na zaidi wakakaa na njaa hadi saa nane.

Ilichukua muda kurudisha uji. Ulirudi kupitia serikali ya mtaa. Mwenyekiti aliitisha mkutano, muhtasari ukaandikwa, mtendaji akapeleka kibali, wazazi wakachagua watunza mahindi wao, mwalimu asiguse kitu. Nilitembea na muhtasari ule mkononi ofisi nne. Ofisi ya tatu, kijana mmoja alinipa kiti, akausoma mstari kwa mstari, akarekebisha neno moja: tulipoandika "mchango wa uji" akaandika "makubaliano ya wazazi kuhusu chakula". Akagonga muhuri. Sijui kama yeye mwenyewe anakumbuka. Mimi nitakumbuka, kwa sababu kwa neno lile moja watoto walikunywa uji.

Mambo mengi yamekwenda mbele tangu hapo, na sitaki msomaji aondoke akidhani nimekuja kulaani. Mwaka 2015 shule za msingi nchini zilikuwa na wanafunzi milioni 8.3, na kufikia 2018 walikuwa wamezidi milioni 10. Kati yao wamo wale wa miaka kumi niliowaona wamekaa darasa la kwanza, magoti yamegusa kidevu. Bajeti ya 2022/23 ilifuta ada ya kidato cha tano na sita. Sera ya 2014 ilitaka elimu ya lazima iwe miaka kumi na msingi uishie darasa la sita, jambo lililokaa kwenye karatasi kwa muda mrefu, na mwanzoni mwa 2025 Rais Samia alizindua toleo jipya, lile la 2023, linalolirudisha kwa mpango wa utekelezaji. Nimelisoma. Nimetafuta humo mlinzi, mpishi, na maji.

Ujumbe wangu kwenye kamati ulikwisha. Mwezi uliopita nilipita shuleni kumpeleka mjukuu wa jirani kuandikishwa. Shikamoo zilikuwa nyingi uwanjani, mwembe bado upo, wameuzungushia benchi la saruji. Kwenye ubao wa matangazo, karatasi ya kapitesheni ya mwezi ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya uji, pembe moja imejikunja. Nikaisoma ikiwa imepinda vile. Chini kabisa, kwa kalamu ya buluu, mtu alikuwa ameongeza safu ambayo haimo kwenye fomu: *Mlinzi (makubaliano ya wazazi): amelipwa hadi mwezi wa pili.*

Tulikuwa mwezi wa nne. Nikamuuliza mpishi mlinzi anakaa wapi siku hizi, akanionyesha kwa mdomo upande wa stoo, nikaenda kumsalimia.